Kiti Kikiwa Wazi, Akidi Huhesabiwaje? Maelezo kwa Kamati za Misikiti na Wadhamini wa Wakfu



Ndugu msomaji, tuchukue mfano. Msikiti mmoja wa Izimbya, Bukoba Vijijini, una kibanja cha wakfu chenye migomba na kahawa. Mzee mmoja alikiacha ili mapato yake yaendeshe madrasa. Katiba ya msikiti inasema bodi ya wadhamini itakuwa na watu tisa, na kikao kitakuwa halali wakihudhuria "zaidi ya nusu ya wajumbe". Mmoja wa wadhamini amefariki, Allah amrehemu. Mwingine aliandika barua ya kujiuzulu alipohamia kisiwani Goziba kwa biashara ya dagaa. Wamebaki saba.

Anakuja mfanyabiashara anayetaka kukodi kibanja kwa miaka kumi. Kikao kinaitishwa, wanakuja wanne. Wanne hao wanakubaliana, wanasaini, muhuri unagongwa. Baada ya mwezi, wale watatu ambao hawakuwepo, pamoja na watoto wa mzee aliyeweka wakfu, wanasema mkataba ni batili kwa sababu kikao hakikuwa na akidi. Wale wanne wanajibu: "Tulikuwa saba, wanne ni zaidi ya nusu." Nani yuko sahihi?

Huu ni mfano tu, lakini wengi waliowahi kukaa katika kamati ya msikiti watautambua. Na kwa sisi wa visiwani, Bumbire, Kerebe, Ikuza, Mazinga na Goziba, jambo hili ni jepesi zaidi kutokea, maana watu wa mwaloni huhama. Leo mjumbe yuko nanyi, kesho samaki wamepungua naye yuko kisiwa kingine. Inafaa tulielewe kabla halijatuletea ugomvi msikitini.

Hesabu ni ndogo, tofauti ni kubwa

Akidi, ambayo wengine huita koramu, ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiweze kuamua jambo. Isipofikiwa, waliopo wanaweza kunywa chai na kuzungumza, lakini hawana mamlaka ya kuamua kwa jina la bodi.

Tazama namba za mfano wetu. Zaidi ya nusu ya tisa ni watano. Zaidi ya nusu ya saba ni wanne. Watu walewale wanne, chumba kilekile, siku ileile: ukihesabu viti vyote, kikao hakipo, ukihesabu watu waliobaki, kikao kipo. Kibanja cha miaka kumi kinategemea neno "wajumbe" lilimaanisha nini. Je, ni viti tisa vilivyotajwa na katiba, au ni watu saba walio hai na hawajajiuzulu?

Hapo kuna namba tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni idadi ya viti iliyoandikwa katika katiba. Ya pili ni idadi ya wajumbe waliopo madarakani kwa wakati huo. Ya tatu ni idadi ya waliohudhuria siku ya kikao. Akidi hupimwa kwa kuilinganisha namba ya tatu na mojawapo ya zile mbili za mwanzo. Ugomvi wote uko katika kuchagua ni ipi.

Tena akidi si sawa na wingi wa kura. Bodi ya tisa ikiwa na akidi ya watano, na uamuzi ukapita kwa kura nyingi za waliohudhuria, basi watu watatu wanaweza kuamua jambo la bodi nzima. Ikiwa akidi imeshushwa hadi wanne, bado wanatakiwa watatu. Lakini acha viti viwili zaidi viwe wazi, wabaki watano. Akidi kwa hesabu ya waliobaki ni watatu, na wingi wa kura ni wawili. Watu wawili wanakodisha mali ya jamaa nzima. Kila kiti kinachoachwa wazi bila kujazwa kinawaongezea nguvu waliobaki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mfano tunaoujua kila Ijumaa

Wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na tunajua kwamba Ijumaa katika madhehebu hayo inataka watu arobaini, wanaume, baleghe, wakazi wa mahali hapo. Wamaliki wametaja kumi na wawili, na Imam Abu Hanifa ametosheka na watatu mbali na imamu. Hatulinganishi ibada na kikao cha kamati, wala hatutoi hukumu kwa kulinganisha. Tunautumia mfano huu kwa kufahamisha tu.

Wanaohesabiwa ni waliokaa kwenye mkeka, si majina yaliyomo daftarini. Anayefuata kauli hiyo ya arobaini, kijiji chake kikipungukiwa na watu wakabaki thelathini na wanane, hasemi "basi sasa arobaini yetu ni thelathini na nane". Namba iliwekwa kabla, na haishuki kwa sababu watu wameondoka. Na wakitoka baadhi katikati ya swala wakapungua chini ya arobaini, kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kuwa wataikamilisha kuwa Adhuhuri. Kamati nazo zikumbuke hilo: akidi inatakiwa iwepo mpaka uamuzi unapopitishwa, si wakati wa dua ya kufungulia kikao peke yake.

Wanazuoni wamesemaje kuhusu aliyebaki?

Kuna suala la fiqhi lililo karibu sana na letu. Mtu akiusia watu wawili wasimamie mali yake kwa pamoja, Washafii wanasema hakuna kati yao anayeweza kutenda peke yake, isipokuwa muusiaji awe ametamka wazi kwamba kila mmoja anaruhusiwa. Mmoja wao akifariki, yule aliyebaki harithi mamlaka ya mwenzake. Kadhi huweka mwingine mahali pake.

Maana yake iko wazi. Mwenye mali aliridhika na rai ya wawili, hakuridhika na rai ya mmoja. Kifo cha mwenzako hakikukuzidishii idhini ambayo hukupewa.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) naye alituachia mifano miwili. Wa kwanza ni ardhi yake ya Khaybar, aliyoifanya wakfu kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.): asili yake haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake ni ya wenye kustahiki. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Katika mapokezi ya Abu Daud, hati ya wakfu ilitaja pia nani atasimamia: bintiye Hafsa (r.a.) maadamu yu hai, kisha wenye rai nzuri katika jamaa zake. Umar hakungoja kiti kiwe wazi ndipo watu waulizane.

Mfano wa pili ni baraza la shura alilolichagua baada ya kuchomwa kisu mwaka 23 Hijria, sawa na 644 Miladia. Aliwataja sita: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Abdurrahman bin Auf na Saad bin Abi Waqqas. Talha hakuwepo Madina. Wanahistoria wanaeleza kwamba Umar aliwapa siku tatu: Talha akifika ndani yake ni mshirika wao, asipofika wamalize jambo lao. Wakaeleza pia kwamba alitoa utaratibu wa kufuata iwapo watagawanyika watatu kwa watatu. Mwanawe Abdullah aliruhusiwa kuwepo, lakini hakupewa fungu katika uongozi huo.

Tazama jinsi alivyoyafunga mambo: idadi, muda, mjumbe asiyekuwepo, kura zikilingana, na mhudhuriaji asiye mjumbe. Yote yalisemwa kabla kikao hakijaanza. Kamati zetu nyingi huanza kuyajadili baada ya mkataba kusainiwa.

Majirani zetu Kenya walibishana karibu miaka minne

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la misikiti ya vijijini peke yake. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya, IEBC, ilikuwa na nafasi saba za makamishna. Oktoba 2017 Roselyn Akombe alijiuzulu. Aprili 2018 watatu wengine wakatangaza kuondoka. Wakabaki mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili, Abdi Guliye na Boya Molu. Je, watatu waliweza kufanya kazi ya saba?

Kulikuwa na maandishi mawili ya kusoma. Sheria ya Tume ilikuwa na kipengele cha akidi ya watano. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 250, inasema kila tume itakuwa na wajumbe wasiopungua watatu na wasiozidi tisa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema watatu wanatosha. Mei 2021, katika kesi ya mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI, majaji watano wa Mahakama Kuu hiyohiyo walisema Tume haikuwa na akidi. Agosti 2021 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho, ikatengua: Tume ilikuwa na idadi na akidi iliyotakiwa. Mpango wa BBI wenyewe ulianguka kwa sababu nyingine.

Hukumu nne, majibu mawili, karibu miaka minne. Muda wote huo kulikuwa na viti vinne vitupu ambavyo havikujazwa mpaka Septemba 2021. Vingejazwa mapema, swali lenyewe lisingekuwepo.

Marekani nako, bodi ya taifa ya uhusiano wa waajiri na wafanyakazi ina viti vitano, na akidi yake kwa sheria ni watatu. Kuanzia Januari 2008 walibaki wawili. Kabla ya hapo bodi ilikuwa imewakabidhi mamlaka kamati ya watu watatu, na hao wawili walikuwa miongoni mwao, hivyo wakaendelea kuamua kesi, karibu 600. Juni 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema wawili hawakuwa na uwezo huo. Wale wawili hawakuwa wezi wala wazembe. Walitaka kazi isisimame. Nia njema haikuiongeza namba.

Kiti kitupu hakiui bodi, na hakiishushi akidi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 imetenganisha mambo haya kwa uzuri. Ibara ya 94 inaweka kiwango cha kikao cha Bunge kuwa nusu ya wabunge wote. Ibara ya 95 inasema Bunge linaweza kufanya shughuli zake hata kama kuna kiti kilicho wazi. Hizi ni kanuni mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya pili inazuia mtu kusema "mmoja amefariki, basi hakuna chombo". Ya kwanza inabaki kuwa kipimo cha mahudhurio. Kusema chombo kinaendelea kuishi si kusema kwamba namba yake imeshuka.

Sasa turudi Izimbya. Hatua ya kwanza ni kusoma katiba ya msikiti neno kwa neno. Ikisema "wajumbe wote" au "wajumbe tisa", akidi ni watano, na wanne hawakutosha. Ikisema "wajumbe waliopo madarakani", ni wanne, na kikao kilitimia. Ikisema "wajumbe" tu, kama katika mfano wetu, maneno yanabeba maana zote mbili. Rai yetu ni kushika hesabu ya viti vyote, kwa sababu tatu. Katiba iliweka tisa, na waumini waliridhika na rai ya tisa. Mali ni wakfu, na penye amana tahadhari ni bora, kwani Allah ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe (Suratun Nisaa, aya ya 58). Na hesabu ya waliobaki inawapa waliobaki sababu ya kutovijaza viti.

Lakini kama bodi hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikihesabu waliopo, na mihutasari inaonyesha hivyo, bila ya mtu kulalamika, hilo nalo lina uzito. Lipelekwe mbele ya mkutano wa waumini ulifafanue. Wale wanne wasiwe mahakimu wa jambo lao wenyewe.

Wafanye nini sasa?

Wasianze kwa kuchana mkataba, wala kwa kushtakiana kwenye hotuba ya Ijumaa. Wamebaki saba, na watano wanapatikana. Waitishe kikao kwa taarifa ya maandishi yenye ajenda mbili: kwanza, kupendekeza wa kujaza nafasi mbili, pili, kuupitia upya mkataba wa kibanja. Kikao chenye akidi kinaweza kuuridhia mkataba ule, kuurekebisha au kuukataa. Kikiukataa na mpangaji ameshalipa, arudishiwe haki yake, kwani yeye hakosi kwa kutojua hesabu za bodi. Muhtasari uandike majina ya waliohudhuria, waliotoa udhuru, na viti vilivyo wazi, kila kundi peke yake.

Kama wadhamini wamesajiliwa RITA chini ya Sheria ya Wadhamini, mabadiliko ya majina yaarifiwe huko. Mdhamini aliyefariki akiendelea kusomeka kwenye karatasi za usajili, hata benki au ofisi ya ardhi itaanza kuuliza maswali.

Na iwapo waliobaki wamepungua hata akidi yenyewe haiwezi kufikiwa? Kwa mfano wamebaki watatu kati ya tisa. Taratibu nyingi za kampuni zilizorithiwa kutoka Uingereza zina dawa nzuri: waliobaki wanaruhusiwa kufanya jambo moja tu, yaani kujaza nafasi au kuitisha mkutano mkuu. Hawauzi, hawakodishi, hawakopi. Nasi tunaona ni utaratibu wa kuigwa. Jamaa haikwami, na mali haichezewi.

Kiti kipi hasa kiko wazi?

Mjumbe aliye ziwani hana kiti kilicho wazi. Yuko safarini. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo kamati ya kisiwani inayoitisha kikao usiku wa giza kisha ikalalamika watu hawaji, imejikosesha akidi yenyewe. Panga vikao wakati wa mbalamwezi.

Mgonjwa kiti chake hakiko wazi. Mama aliye edani kiti chake hakiko wazi, na asiondolewe kimyakimya kwa sababu hiyo. Aliyehama bila ya kuandika barua, kiti chake hakiko wazi mpaka katiba iseme hivyo, kwa mfano asipohudhuria vikao vitatu mfululizo bila udhuru, na bodi iamue rasmi. Kiti huwa wazi kwa kifo, kwa kujiuzulu kwa maandishi, kwa kuondolewa kwa utaratibu, au muda kumalizika. "Tulisikia kahamia Mwanza" haitoshi.

Maneno ya kuweka katika katiba yenu

Kamati inayorekebisha katiba yake inaweza kuchukua maneno haya na kuyapima: "Akidi ya kikao itakuwa wajumbe watano. Nafasi iliyo wazi haitapunguza akidi wala haitazuia bodi kufanya kazi. Nafasi iliyo wazi itajazwa ndani ya siku tisini. Wajumbe wakipungua chini ya watano, waliobaki watakuwa na uwezo wa kujaza nafasi na kuitisha mkutano wa waumini tu."

Tumeandika namba, hatukuandika "nusu". Namba haina tafsiri mbili. Na kwa mambo mazito kama kukodisha wakfu kwa muda mrefu, ongezeni sharti la theluthi mbili za viti vyote, yaani sita kati ya tisa.

Maswali mafupi

*Mjumbe akishiriki kwa simu, anahesabiwa?* Katiba ikiruhusu, ndiyo. Isiporuhusu, iandikeni, hasa kwa visiwa ambako chombo hakisafiri kila siku.

*Sheikh aliyealikwa kutoa nasaha anahesabiwa katika akidi?* Hapana. Kumbukeni Abdullah bin Umar: alikuwepo, na hakuwa na fungu.

*Mjumbe akitoka makusudi ili kuvunja akidi?* Kisheria anaweza kuwa ameivunja. Kidini aangalie nia yake. Aliyepewa amana anapaswa kuhudhuria, kusema hapana yake waziwazi, na iandikwe.

Waislamu wamesifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana (Suratu Shuuraa, aya ya 38), na katika aya ya kudaiana tumefundishwa kuandika (Suratul Baqara, aya ya 282). Leo baada ya Isha, itoeni katiba ya msikiti wenu kabatini, mhesabu viti, mhesabu watu. Kama namba hizo mbili hazilingani, mnayo kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho.

Wallahu a'lam.